Mshono Usiosagwa

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokuwa na ncha. Kona za meza zilipigwa msasa hadi zikawa mviringo, vizingiti vilikuwa laini kama sabuni iliyotumika, na geti la mbele, ambalo binti wa mwisho wa nyumba alilichomelea kwa mikono yake, ungeweza kulipitishia shavu na lisikukwaruze. Mwenye nyumba ndiye aliyetaka hivyo. Alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane wa mwalimu mkuu, na tangu mumewe afariki alikuwa amejipa kazi ya kuhakikisha kwamba hakuna mdomo mtaani unaopata cha kutafuna kuhusu familia yake.

"Mtu akipita hapa akachanika nguo," alikuwa akisema huku akipapasa geti kwa kidole, "atauliza nyumba hii ni ya nani. Na atajibiwa."

Binti huyo aliitwa Cheche. Watu walidhani jina hilo alilipata kazini. Sivyo. Alipewa na baba yake akiwa bado anatambaa, kwa sababu ukimweka hapa unamkuta kule. Kaka zake wawili walivaa tai na kukaa ofisini. Yeye alivaa ovaroli la bluu na aproni ya ngozi. Na si kwamba alishindwa shule, watu waseme wasemavyo. Vyeti vyake vipo kabatini, vimewekwa kwenye bahasha, na anayetaka kuviona aje mchana apewe na kiti. Alikwenda kwenye vyuma kwa sababu alivipenda, basi. Siku alipoona mara ya kwanza vipande viwili vya chuma vikiyeyuka na kuwa kimoja, alirudi nyumbani na uso wa mtu aliyechumbiwa.

Mama yake hakumkataza. Ila akiulizwa mtoto anafanya nini siku hizi, alinyoosha mgongo na kujibu, "Yuko kwenye mambo ya vyuma," kwa sauti ya mtu anayetaja wizara. Jirani mmoja aliondoka akiamini kwamba Cheche anauza dhahabu. Mama hakumfuata kumsahihisha.

Ukweli ni kwamba Cheche alichomelea mageti na madirisha kwenye karakana ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, kando ya barabara iendayo sokoni. Shemeji alikuwa mtu wa vicheko na tumbo lake, na kazi yake yote aliifupisha kwa maneno matatu: saga, ziba, paka. Ukishachomelea, unashika grainda, unausaga mshono, ule mstari wa chuma kilichoyeyuka, hadi ulingane na chuma kingine. Palipobaki shimo unaziba kwa pasta, ule uji mzito wa kuzibia unaokauka na kuwa mgumu. Kisha rangi.

"Mteja ananunua rangi, shemeji," alimwambia Cheche. "Kilichoko chini ni siri yangu na yako."

Cheche alisaga kuliko mafundi wote pale, maana alikuwa mtoto wa mama yake. Geti lake likitoka lilikuwa kama limemiminwa kutoka kwenye chupa. Lakini chini ya rangi ile hakukuwa na pasta hata chembe. Alishona kila kiungo kana kwamba kitabeba daraja, kisha akausaga ule uzuri wote hadi ukawa vumbi sakafuni. Hakuona ajabu yoyote. Ndivyo alivyojua usafi ulivyo.

Asubuhi moja akaja mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, kuchukua geti aliloagiza. Badala ya kulipakia na kwenda zake, akachuchumaa kwenye bawaba, akatoa ufunguo mfukoni na kuanza kukwangua rangi mbichi. Shemeji alitaka kuzirai.

"Mzee! Mzee wangu, unaharibu mali!"

"Nimeshailipia. Naharibu yangu." Akaendelea kukwangua, akavaa miwani, akachungulia pembeni ya bawaba, kwenye upenyo ambao grainda haifiki. Pale mshono ulikuwa umebaki ulivyozaliwa, umepangwa kama magamba ya samaki, gamba juu ya gamba. Akanyanyua uso. "Nani kashona hapa?"

Shemeji akafikiri ni lawama, akamsukuma Cheche mbele. "Huyu."

Mzee akamtazama juu hadi chini. Akasema mkono kama ule unapotezwa pale barabarani. Yeye alikuwa mkaguzi kwenye kiwanda cha matangi upande wa pili wa mji. Walitengeneza matangi ya maziwa, mitungi ya kuchemshia dawa za maji, mabomba ya viwanda vya vinywaji, na maboila ya kuchemshia maji ya hospitali. Mafundi wa namna hiyo hawapatikani, alisema, na wakipatikana wanaibiwa na viwanda vingine kama kuku wa kienyeji. Kiwanda kilikuwa kimeamua kufundisha wake. Mafunzo bure, chakula cha mchana, na mwisho wa mafunzo mtihani. Anayefaulu anapata cheti na ajira ya kudumu. Asiyefaulu anarudi alikotoka.

"Unaniachia mageti peke yangu?" Shemeji alilalamika mzee alipoondoka. "Watu wanajenga kila siku, Cheche. Geti halitaisha hamu."

"Nikishindwa si nitarudi?"

"Ukirudi nakuweka kwenye kupaka rangi."

Lakini alikuwa ameshaanza kumtafutia glavu mpya.

Kiwandani Cheche alikuta dunia nyingine. Sakafu ilifagiliwa hadi ikang'aa. Chuma chao hakikushika kutu, na kilikuwa na wivu: ukikigusa kwa brashi iliyowahi kugusa chuma cha kawaida, kinachafuka na kukataa kazi. Hakukuwa na moshi wala ule mlio wa mafuta yanayokaangwa alioujua. Mkono wa kulia ulishika mwali mdogo mweupe, wa kushoto ulilisha waya mwembamba, na mguu ulikanyaga pedali kuongeza na kupunguza moto, kama mtu anayeshona nguo kwa cherehani. Wiki za mwanzo alitoboa mabomba kama panya. Kisha siku moja mikono na mguu vikapatana, na mshono ukaanza kutoka ukiwa na rangi ya majani makavu na zambarau, vijisarafu vyembamba vimelaliana. Alicheka peke yake ndani ya kofia ya kuchomelea. Mwenzake wa kibanda cha jirani akauliza kama gesi imemwingia kichwani.

Mkaguzi walimwita Daktari wa Mishono, kwa sababu alipiga kila mshono eksirei, na kabla ya hapo aliutazama kwa tochi na kioo cha kukuzia huku akiunong'oneza, "Haya, mgonjwa, unaumwa wapi?" Siku ya kwanza kabisa aliwaambia sheria moja na kurudia mara kadhaa: kipande cha mtihani, ukishamaliza tabaka la juu, hakiguswi tena na grainda wala tupa. Unapiga brashi, unaweka chini, unaondoka. Cheche aliiandika sheria hiyo na kuipigia mstari.

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Bomba la vipande viwili vya kuungwa lilifungwa kwa kuinama, karibu na ukuta, na halikuruhusiwa kuzungushwa. Fundi ndiye alizunguke, apige magoti, ajipinde, ashone chini akitazama juu. Grainda ndogo iliwekwa kibandani kwa ajili ya mwanzo tu, kulainisha vile vidoa vya kushikiza bomba lisicheze. Cheche alifunga pazia, akashusha pumzi, akaanza. Kila kitu kilikwenda kama maji. Alipofika alikoanzia na mshono ukajifunga, alijua moyoni kwamba hajawahi kushona vile. Furaha ikampanda hadi masikioni. Akapiga brashi. Akapiga mluzi kidogo. Na kama mtu anayefuta meza baada ya kula, akachukua grainda.

Alipozinduka, mshono wote ulikuwa umelala bapa, unang'aa kama kijiko.

Kwa muda hakuelewa anachokiona. Kisha akaketi sakafuni.

Mkaguzi alifungua pazia, akapokea kipande, akakigeuza. Hakuwasha tochi.

"Nani kakisaga?"

"Mimi, mzee."

"Nani kakutuma?"

"Mkono."

"Mkono gani huo usiomuuliza mwenyewe?" Akavua miwani. "Hapa palikuwa na mshono mzuri, binti. Naamini hivyo. Lakini mimi silipwi kuamini. Mimi nasoma. Hapa fundi alikwenda mbio, hapa alichoka, hapa alipiga chafya. Wewe umenichania ukurasa, umeniletea jalada."

Wale wenzake waliotoka vyuoni hawakuelewa mtu anawezaje kufanya kosa la namna hiyo. Mmoja tu, aliyetoka kwenye mageti kama yeye, alishika kichwa na kusema, "Uuuwi, dada. Hata mimi nimekalia mikono yangu makusudi."

Kilichomwokoa ni utaratibu. Kipande kilichokataliwa kwa macho, kabla ya eksirei, kilimpa fundi nafasi ya kurudia mara moja tu. Ijumaa. Akishindwa tena, ajira imekwenda, na mafunzo mengine hayakuwa yamepangiwa tarehe.

Alirudi nyumbani na kile kipande ndani ya mkoba, akiwaza namna ya kumwambia mama. Alimkuta sebuleni, vikombe vya maua vimetolewa kabatini na kusuguliwa, kitambaa cha kufumwa kimetandikwa.

"Mama, kuna nini?"

"Jumamosi tunakaribisha watu. Chai ya kukupongeza. Nimemwalika shangazi yako, kaka zako na wake zao, na mama wa duka la dawa."

Shangazi alikuwa dada wa marehemu baba, na ndiye aliyesema, mbele za watu, siku Cheche alipovaa ovaroli kwa mara ya kwanza, "Mtoto wa mwalimu mkuu leo ni mpiga nyundo." Maneno hayo yalikuwa bado hayajapoa katika nyumba ile.

"Kunipongeza kwa lipi? Majibu hayajatoka."

"Wewe si ulisema unaongoza?"

"Mama, nimeharibu."

"Umeharibu nini? Kaa kwanza. Vua viatu."

Cheche akakaa, akatoa kipande cha bomba, akakiweka juu ya kitambaa cheupe kati ya vikombe. Mama yake akakichukua. Akapitisha kidole kuzunguka, polepole, kama alivyopapasa mageti yote. Uso ukaanza kumkunjuka.

"Mbona safi? Hata sioni palipoungwa. Wamekukatalia nini hawa watu? Nipe namba ya huyo mkaguzi."

"Wamekataa kwa sababu ni safi, mama."

"Sema Kiswahili."

"Nimesaga. Sheria hairuhusu. Wanataka kuona mshono ulivyotoka mkononi, na kasoro zake kama zipo. Ukishausaga hawajui chini kuna nini. Hata kama ni mzuri, hawajui."

Mama akakiweka kipande chini, akakigeuza, akakichukua tena. Cheche alimtazama akisubiri dhoruba. Badala yake mama akauliza kwa sauti ile ya zamani, ya ubaoni:

"Mtoto akiniletea jibu la hesabu bila njia, nilikuwa namwandikia nini?"

"Sifuri."

"Hata jibu likiwa sahihi?"

"Hata likiwa sahihi. Mimi mwenyewe ulinipa, mama, mbele ya darasa zima. Kutwa nzima nililia."

"Ulikuwa umefuta njia ili ukurasa upendeze." Akatikisa kichwa. "Basi huyo mzee wako namwelewa. Namwelewa sana, na inaniudhi."

Cheche alijikuta anacheka, machozi yakiwa palepale. Kisha akakumbuka vikombe.

"Na wageni? Uwaambie wasije?"

"Nyumba hii hairudishi wageni."

"Na nikishindwa Ijumaa?"

Mama alipanga kikombe kimoja, akakipangua. Ilionekana anamwona shangazi akiingia mlangoni na ile mikufu yake. "Basi," alisema hatimaye, "watakunywa chai na mtu aliyeshindwa. Kwani chai itachacha?"

Lakini usiku huo Cheche alimsikia akivirudisha vikombe kabatini, na asubuhi akamsikia akivitoa tena.

Wiki ile Shemeji alimfungulia karakana jioni afanye mazoezi. Si ya kushona, kushona alijua. Alifanya mazoezi ya kuacha. Alishona, akapiga brashi, akaweka mikono mgongoni kama askari. Shemeji alisimama pembeni, na kila mara kidole cha Cheche kiliposogea kuelekea kwenye grainda, alimchapa mkono kwa kitambaa.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kusaga," alisema, "na sasa ndiye ninayekupiga kwa kusaga. Dunia hii."

"Ukimaliza nikulipe?"

"Nilipe kwa kutoisema karakana yangu huko kwenye matangi."

Ijumaa bomba lilikuwa limefungwa palepale, limeinama, linaubusu ukuta. Cheche alishikiza, akalainisha vidoa, akazima grainda. Kisha akafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana kiwandani pale. Alifungua pazia, akamwendea mkaguzi aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake, akampa ile grainda kwa mikono miwili.

"Mzee, naomba unishikie."

Mkaguzi akaitazama, akamtazama yeye. Akaipakata mapajani, kama mtu aliyeachiwa mkoba na mgeni kwenye foleni, akatulia nayo hivyo muda wote, na kila aliyepita alimwamkia kwa adabu huku akiuma mdomo.

Ndani ya kibanda, Cheche alipiga goti. Mwali ukawaka. Alishona chini akitazama juu, akazunguka, akasimama kwa vidole, akajibana kati ya bomba na ukuta hadi kofia ikakwaruza rangi. Mahali pamoja, upande wa ukutani, alivuta pumzi na sarafu moja ikatoka pana kuliko nyingine. Zamani angeifuta na hakuna ambaye angejua. Aliiacha. Akafika mwisho, akangoja mshono upoe chini ya gesi, akapiga brashi. Mkono wa kulia ukanyooka wenyewe kwenda mahali pa grainda, ukakuta meza tupu, ukakaa pale ukishangaa. Cheche aliutazama, akacheka kwa sauti.

Mkaguzi akaja na tochi. "Haya, mgonjwa." Alizunguka na kioo chake bila haraka. Kwenye ile sarafu pana akasimama. "Hapa ulivuta pumzi."

"Ndiyo, mzee."

"Kila mtu huvuta." Akaendelea. Kipande kikaenda eksirei, na Cheche akakaa nje kwenye kreti, akila kucha za glavu kwa kuwa zake zilikuwa ndani ya glavu. Mlango ulipofunguka, mkaguzi alikuwa ameshika picha nyeusi juu ya mwanga. Hapakuwa na doa, hapakuwa na ufa, hapakuwa na kiputo. Akampa mkono, kisha akarudi ndani, akatoka tena.

"Na chukua grainda yako. Imenichosha miguu."

Jumamosi wageni walijaa sebuleni, na katikati ya meza, juu ya kitambaa cha kufumwa, mahali ambapo watu wengine wangeweka maua, kilikaa kipande cha bomba. Shangazi hakuwa ameketi vizuri alipokiona. Akapitisha kidole.

"Wifi, hiki ndicho alichofanyia mtihani? Mbona kina makunyanzi? Hamkupata nafasi ya kukisugua?"

Cheche akaangalia kikombe chake. Alijua mama yake ana majibu mia ya heshima kwa swali kama hilo, na yote yangemaliza mambo bila aibu.

"Wifi, toa kidole," mama alisema. "Kile kilichosuguliwa kiko kabatini. Kilikataliwa Jumatatu. Mwanangu alifeli Jumatatu, kwa kukisugua, na tabia hiyo aliipata kwangu. Ijumaa akarudia, akaacha mshono wake kama ulivyo. Hicho unachokiita makunyanzi ndicho kilichompa kazi."

"Kazi gani hasa?" aliuliza mama wa duka la dawa, yule jirani ambaye hadi siku hiyo aliamini Cheche anauza dhahabu.

Mama akanyoosha mgongo. "Mchomeleaji. Anachomelea matangi. Hizo dawa za maji unazouza, huenda zitachemkia ndani ya tangi lenye mshono wa huyu."

Kaka mkubwa akaanza kupiga makofi, Shemeji akafuata na kumwaga chai. Shangazi alikitazama kile kipande kwa muda, akakisogelea, safari hii bila kidole.

"Wanachukua tena lini?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Maana kitinda mimba wangu yuko tu pale, anabonyeza simu."

"Aje nimpime mkono," Cheche akasema. "Ila ajue kupiga magoti."

"Kwa hilo," alisema Shangazi, "tutamfundisha." Na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza.

Jioni, wageni walipokwisha kusindikizwa, Cheche alimkuta mama yake nje, amesimama kwenye geti na ufunguo mkononi. Alikuwa amekwangua rangi kwenye bawaba ya juu, kipande cha ukubwa wa kiganja. Chuma kilichotokea kilikuwa bapa, kitupu.

"Nilidhani ule mshono wa magamba uko chini," mama alisema. Alionekana kama mtoto aliyefungua zawadi akakuta boksi.

"Niliusaga, mama. Nilisaga yote. Wewe ulitaka laini."

"Nilitaka." Akaendelea kupapasa pale pasipo na kitu. Mtu akapita barabarani, akawaamkia, akatazama rangi iliyokwanguliwa, na mama hakujisogeza kuificha. "Sasa nataka mwingine. Hapahapa, kila apitaye auone."

"Utashika kutu."

"Si kuna vanishi?"

Cheche akaingia ndani kuvaa ovaroli. Aliporudi akiburuta mashine na waya wake, grainda kwapani, mama alikuwa ameshaleta kiti, amekaa kando ya geti, miguu pamoja, kama mtu anayesubiri darasa litulie. Akanyoosha mikono miwili.

"Hiyo grainda," alisema, "nipe mimi nikushikie."